Jina la Kifungua Mimba

Mama Bello hakuzaliwa mkali. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wa mtaa wetu wa Dow-Mayo, hapa Marua, wanamsimulia kana kwamba alitoka tumboni mwa mama yake na filimbi shingoni. Uongo mtupu. Mimi Ramata nimemjua tangu tulipokuwa tukichunga mbuzi wa bibi huko kijijini Wuro Jabbe, upande wa mpaka wa Nijeria. Baba yangu na mama yake walinyonya ziwa moja, kwa hiyo mimi na yeye ni watani, na utani wa sisi Wafulani hauna likizo. Akinikuta pembeni mwa barabara nakaanga bajia za kunde, ataniambia mafuta yangu yalianza kazi enzi za Wajerumani. Nami nitamjibu kwamba nikikosa mchi, pua yake ipo. Watu wasiotujua walidhani tunachukiana.

Alikuwa na kazi mbili, zote za mikono. Ya kwanza ilikuwa kupaka hina maharusi, ya pili kuosha maiti wa kike. Akikushika kiganja tu alijua kama hukulala, kama una homa, kama una mimba ambayo mumeo hajaambiwa. Walikuwepo waliosema si vizuri mkono uliomwosha maiti asubuhi uje umpake bibi harusi alasiri. Aliwacheka. "Wote nawaandaa kwenda nyumba ngeni," alisema, "na wote wanaondoka bila kunishukuru."

Watoto aliwazaa wawili. Kwetu mama hamtaji kifungua mimba wake. Kumbeba mbele za watu ni aibu, kumfuta kamasi ni aibu, na jina lake halitoki kinywani mwa mama mpaka anaingia kaburini, kama vile jina la mume lisivyotoka. Mtoto huyo huitwa Afo, yaani wa kwanza, basi, na mama huitwa kwa jina la yule wa pili. Ndiyo maana yeye ni Mama Bello. Huyo Bello yuko Duala, anaendesha pikipiki ya abiria, anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Afo alikuwa binti. Alizaliwa kule Wuro Jabbe kwa bibi yake, maana mimba ya kwanza huenda kuzaliwa kwao mama, na alipoachishwa ziwa akaachwa kule kule alelewe. Siku ya saba, alipopewa jina, nilikuwepo. Katika mtaa mzima wa Dow-Mayo, ukimtoa mama yake, ni mimi peke yangu niliyelijua jina hilo.

Watu wa mbali wakiyasikia haya husema mama wa Kifulani hampendi mwanawe wa kwanza. Waniache. Afo alipokuwa na miaka tisa aliletwa mjini siku mbili kutibiwa jino. Mama Bello alimpita uani asubuhi na jioni bila kumtazama, kama desturi inavyotaka, chakula chake akampa jirani ampelekee. Mtoto alipoondoka nilimfuata mama yake jikoni kumwomba moto. Nilimkuta amekaa chini, amelikumbatia shuka alilolalia mtoto, analinusa. Aliponiona akaniambia moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa limezimika.

Halafu ukaja mwaka wa mabomu.

Siku ya bomu la sokoni waliletwa wanawake wanne kuoshwa. Watatu walikuwa na watu wao, wamesimama nje wanalia, kila mmoja na wake. Wa nne alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, na uso wake ulikuwa mzima kabisa, umetulia. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Mama Bello alimwonea huruma kuliko wote. Alimwosha polepole, akamsuka upya nywele zilizofumuka, akamwombea kwa kuwa hakuwa na wa kumwombea. Walikuwa hawajamchukua kumzika, askari wakafika na kutuambia kwamba yule wa nne ndiye aliyelibeba.

Mama Bello hakupiga kelele. Alikwenda kunawa, akanawa tena, akanawa mpaka maji ya mtungi yakaisha. "Nilimshika, Ramata," aliniambia. "Nilimshika mwili mzima, nikaona ni mtoto tu. Mikono yangu haikuniambia kitu." Tangu siku hiyo hakumpaka mtu hina.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulikuwa tumeumwa mji mzima. Serikali ilipopiga marufuku nguo za kufunika uso tulishangilia. Ilipopiga marufuku pikipiki jua likizama tukashangilia. Waliposema mtu anaweza kukamatwa bila kusomewa shitaka, wanaume waliokuwa wakinywa uji kwangu walisema, shitaka la nini, waanze na wale wa mtaa wa pili. Mimi nami nilisema. Nisijifanye mtakatifu hapa, nilisema kwa sauti kuliko wao.

Tukaona sheria za serikali hazitoshi, tukajitungia zetu. Jauro Bukar, mkuu wa mtaa, aliita watu mbele ya nyumba yake, tukakubaliana mikeka yote ya milangoni ing'olewe, ili mtu akipita aone ndani mpaka ukuta wa nyuma. Tukakubaliana mtama utwangwe kwa saa moja tu asubuhi, kwa sababu mshindo wa kinu ulikuwa ukiwaangusha wazee kwa hofu. Sajo, karani wa kamati ya ulinzi, alipiga filimbi, vinu vyote vikaanza kwa pamoja. Akapiga tena, vyote vikanyamaza kwa pamoja. Baada ya filimbi ya pili kimya kilikuwa kinaingia nyumba hadi nyumba na hakuna mlango wa kukizuia.

Mama Bello ndiye aliyesimama na sheria ya kutaja.

"Mtu asiye na kitambulisho asivuke kizuizi cha kuingilia mtaa mpaka atajwe," alisema. "Amtaje mkazi wa hapa, jina lake na la baba yake, kwa sauti, watu wasikie. Na mgeni mwenyewe afumbe mdomo kwanza, asije akamlisha mtu maneno. Akishatajwa, ndipo aulizwe pembeni. Yakilingana, apite."

"Yasipolingana?" Jauro aliuliza.

"Asubiri gari la askari. Si linapita kila siku saa nne?"

Mwalimu mmoja mstaafu, wa kabila la Wagiziga, mtu mpole, aliinua fimbo yake. "Na huko anakopelekwa, mama, nani atajua kama amefika?"

Mama Bello alimgeukia. "Mwalimu, wewe umeshaosha mtu vipande vipande?"

Mwalimu akakaa. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Sajo naye, kijana msomi wa mambo ya sheria aliyekosa kazi, akaongeza kipengele chake: anayemtaja mtu ni mdhamini wake, na mgeni akileta balaa, aliyemtaja atapandishwa gari hilo hilo na nyumba yake itavunjwa. Tukapiga makofi tena. Mwalimu alihama mtaa mwezi uliofuata, na hatukumuaga.

Sasa nikueleze jinsi ilivyokuwa kuishi hapa. Kiangazi kile vumbi la jangwani lilishuka mapema, likakaa. Saa tatu asubuhi huoni mtu aliye hatua kumi. Kwa hiyo watu wakajifunza kujitaja wakitembea, wasije wakapigwa mishale na vijana wa kamati. Zamani Mfulani akikutana na mwenzake watasalimiana habari za nyumba, za ng'ombe, za baridi, za uchovu, mpaka chai inapoa. Hayo yaliisha. Nilikuwa nakaa na kikaango changu kando ya kizuizi, na ndani ya weupe ule nasikia sauti zinakuja: "Mimi Yaya Haman. Mimi Yaya Haman." "Mimi Salamatu Bashiru. Mimi Salamatu Bashiru." Unasikia jina likipita mbele yako, unasikia nyayo, na mwenyewe humwoni. Mengine yalikuwa yanapita na nyayo sizisikii. Kuna asubuhi nilisikia jina la mwanamke tuliyemzika mwezi wa Ramadhani, linapita taratibu kuelekea mtoni. Nilimuuliza Sajo kama amelisikia, akasema tusizungumzie.

Mama Bello alikaa kizuizini na filimbi yake kupekua wanawake, kwa kuwa wanaume hawawezi kuwagusa. Alikuwa hapaki hina, lakini watu walisema mikono imepata kazi. Wasiotajwa walipelekwa: mchuuzi wa Kikanuri, mzee mmoja kiziwi, msichana aliyesema anamtafuta dada yake. Mkanuri mwingine alikuja kumtaja mkewe, akasema "huyu ni mama watoto wangu," akashindwa kutamka jina kwa haya, Sajo akakataa katakata, mke akapandishwa gari. Tulicheka siku nzima. Nadhani hata bajia zangu zilinoga siku ile.

Habari za Wuro Jabbe zilitufikia wakati huo. Vijana wa msituni, wale wale waliotuletea mabomu, walikuwa wamekiingia kijiji, wamechoma. Shangazi yangu, mama yake Mama Bello, alifia njiani akikimbia. Afo hakuonekana, na asiyeonekana maana yake ni moja kati ya mbili, amekufa au wanaye. Mama Bello alipokea rambirambi za mama yake. Za Afo hakuna aliyethubutu kumpa, kwa kuwa angezipokeaje? Mambo yakakaa hivyo miezi kumi na mmoja.

Ilikuwa Jumanne. Jua lilikuwa jeupe, unaweza kulitazama usoni bila kufumba macho. Upande wa mto mkavu nikaona kitu kinakuja, kirefu, chembamba, kimejifunika gubigubi mpaka puani kwa vumbi. Kilikuja kimya. Hakikujitaja.

"Nani?" Sajo akaita.

Kikaendelea kuja.

"Jitaje wewe! Jitaje!"

Kikasimama. Ni wazi hakikujua sheria yetu. Watu waliokuwa wamepanga foleni wakarudi nyuma, mteja wangu akaacha bakuli la uji likitoa moshi akajificha nyuma ya matofali. Nilibaki penye kikaango changu. Mama Bello akamwendea. Alitembea mwendo wake wa siku zote, hakuwa mwoga, nimpe haki yake. Akamwambia ainue mikono, akaanza kumpapasa: kichwani, shingoni, makwapani, kiunoni, mapajani, mpaka vifundoni. Akarudi juu. Mikono yake ilipofika mabegani ikasimama pale.

Yule mtu akashusha nguo usoni. Lilikuwa paji la uso la shangazi yangu, na macho ya Mama Bello mwenyewe alipokuwa msichana, tukichunga mbuzi. Nilimjua papo hapo. Binti alifungua kinywa kusema.

"Funga mdomo!" Sajo akapiga kelele. "Mgeni hasemi kwanza."

Binti akaweka kiganja mdomoni.

Naomba uelewe nilichokuwa nakiona. Tangu amwachishe ziwa, mwanamke huyu hakuwahi kumgusa mwanawe mbele ya mtu. Sasa mikono yake ilikuwa mabegani mwa binti huyo, watu hamsini wanatazama, na hakuiondoa.

"Hana kitu," akasema bila kugeuka. "Mwilini hana kitu."

"Vizuri, mama. Kitambulisho?"

Binti akatikisa kichwa.

"Nani anamtaja?"

"Ni wangu," Mama Bello akasema, chini chini.

"Sauti, Mama Bello. Watu wasikie. Si ndiyo sheria?"

"Ni Afo."

Mmoja nyuma ya matofali akaangua kicheko. "Afo! Hata kwangu yuko Afo, hata mbuzi wangu ana Afo. Afo nani?"

"Afo wa kwangu."

"Jina," Sajo akasema. Alikuwa ameshafungua daftari. Sajo ni Mfulani kama sisi, mama yake mpaka leo hajamtaja kaka yake mkubwa, kwa hiyo asiniambie hakuelewa. Lakini watu walikuwa wamejaa, wa kila kabila, na ndugu za yule Mkanuri aliyeshindwa kumtaja mkewe walikuwepo pale, mikono kifuani, wanangoja kuona. "Jina lake na la baba yake, mama. Usiniweke pabaya."

La baba yake! Nuhu, mumewe, alikuwa kaburini mwaka wa tisa, na katika miaka yote ya ndoa alimwita "mwenye nyumba". Majina mawili ambayo ulimi wa mwanamke yule ulikatazwa tangu ungali mlaini, na alitakiwa ayaseme yote kwa pumzi moja.

Jauro Bukar alikuwa amefika. Mama Bello akamtazama. "Jauro. Wewe unajua."

Jauro aliangalia viatu vyake. "Najua, dada yangu. Lakini nikikupitisha wewe, kesho atakuja mwingine aseme naye ana haya. Sema tu. Mara moja. Mungu si mtoto mdogo, ataelewa."

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, ee?" ndugu mmoja wa Mkanuri akasema. "Wetu alipelekwa. Mtaje, au naye aende!"

"Amtaje au aende!" wengine wakaitikia.

Mama Bello alifungua kinywa. Niliuona ulimi wake ukipanda, ukagusa meno, ukashuka. Akajaribu tena. Shingo ilimtoka mishipa. Hakuna kilichotoka isipokuwa hewa, na mwishowe akaivuta kanga yake akajifunika uso wote, kitu ambacho angempulizia filimbi mwanamke mwingine yeyote, na hakuna aliyemkemea.

Na mimi? Mimi nilikuwa hapo hatua sita, na mwiko wa kukaangia mkononi. Jina lilikuwa limejaa kinywani mwangu. Mimi si mama yake, mimi desturi haikunikataza kitu. Nikajiambia, Ramata, miezi kumi na mmoja alikuwa na wale watu. Wamemfundisha nini? Wamemlisha nini? Nikafikiri nyumba yangu, wanangu wanne, kipengele cha Sajo nilichokipigia makofi. Nikafikiri tena: mama yake atasema, hebu subiri, mtu hawezi kumwacha mwanawe aende kwa ajili ya haya. Sasa atasema. Sasa hivi. Ukweli ni kwamba niliogopa, na ukweli mwingine ni kwamba nilimwogopa yeye, yule binti mwembamba aliyesimama na kiganja mdomoni, mwenye uso uliotulia.

Gari la askari lilisikika kabla halijaonekana. Likatokea kwenye vumbi limewasha taa mchana kweupe. Sajo akanyoosha mkono kuonyesha. Askari hawakuuliza neno, kwani walishazoea, nasi tulishazoea. Binti alimtazama mama yake aliyejifunika, kisha akanitazama mimi. Sijui kama alinikumbuka. Alipanda mwenyewe bila kusukumwa, akakaa kwenye benchi la nyuma, na kiganja kiko pale pale mdomoni, maana hakuna aliyekuwa amemwambia sasa anaweza kukishusha.

Gari lilipomezwa na vumbi, na sauti yake imekwisha kabisa, Mama Bello akashusha kanga.

"Kaltumi," akasema. "Kaltumi Nuhu."

Ilikuwa sauti nisiyoijua, nyembamba, kama ya msichana. Watu walisogea mbali naye. Mkanuri aliyekuwa akipiga kelele aliokota viatu vyake akaondoka bila kuvivaa. Sajo aliinua kalamu, akaiangalia, akaiweka chini.

Kesho yake alikwenda kambini kwa askari. Nilimsindikiza, angalau hilo. Kijana mmoja wa langoni, si mkatili, alileta karatasi akapitisha kidole.

"Jumanne, kutoka Dow-Mayo," akasoma. "Mwanamke mmoja. Hakutajwa."

"Anaitwa Kaltumi Nuhu," Mama Bello akasema.

"Mama, huyo Kaltumi simwoni hapa."

"Ndiye huyo mmoja."

"Hapa imeandikwa hakutajwa. Sasa nitajuaje kwamba huyu ambaye hakutajwa ndiye huyo wako? Wako wengi wa namna hii, mama. Wa kila mtaa. Una ushahidi gani?"

"Nilimshika," akasema, akamwonyesha viganja vyake.

Kijana aliviangalia viganja, akakunja karatasi yake vizuri. Tulikwenda siku arobaini. Mara walisema wamehamishiwa mji mwingine, mara wakasema karatasi ya Jumanne ile imechukuliwa juu. Mwisho walisema kutoka Dow-Mayo hawakumpokea mwanamke yeyote mwezi ule.

Unadhani aliacha kazi ya kizuizini? Hakuacha. Alirudi na filimbi yake kila asubuhi, na wanawake wakaanza kukopa vitambulisho vya wenzao ili wasipite mikononi mwake. Sikuamini waliyosema juu yake mpaka siku nami aliponipekua. Alinipapasa kama asiyenijua, kichwani, shingoni, mabegani. Hapo mabegani akainama sikioni mwangu akauliza, polepole, kama mtu anayeamsha mtoto: "Kaltumi Nuhu?" Nilimtania kwa kuzoea, nikamwambia pua yake inanitekenya. Hakucheka. Alisubiri jibu. Nilisema hapana, mimi si yeye, ndipo akaniachia nipite.

Mvua zikaja, vumbi likalala, mtama ukaota mpaka kando ya matofali ya kizuizi. Miezi saba bila bomu. Jauro Bukar akaita watu.

"Kamanda anasema mitaa inayotaka inaweza kulegeza," alisema. "Mikeka tumesharudisha. Imebaki hii ya kutaja. Tuiondoe, au iendelee?"

Wote tulikuwa tunamtazama Mama Bello pembeni mwa jicho. Tulijua yeye ndiye atakayesema iondolewe, nani mwingine mwenye haki kama yeye? Mimi niliomba aseme haraka. Nilikuwa nimeshauandaa mkono wangu kwa ajili ya kuinua nyuma ya wake, na nilijidanganya kwamba mkono huo ungenipunguzia kitu.

Akasimama.

"Mkiiondoa leo," alisema, "mtakuwa mmesema haikuwa na kazi. Na kama haikuwa na kazi, Kaltumi alipelekwa bure. Mimi naweza kuishi naye amepelekwa. Amepelekwa bure siwezi." Akainua mkono. "Iendelee."

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, halafu mingi kwa pamoja. Ndugu za Mkanuri waliinua. Sajo aliinua. Jauro alitazama viatu vyake, akainua. Nadhani kila mtu alikuwa na wake ambaye hakutaka awe amepelekwa bure. Mkono wangu ulibaki mapajani, mzito.

"Mtani," Mama Bello akaniita, na miaka yote ile ya kuitana hivyo sikuwahi kulisikia neno hilo bila kicheko ndani yake. Watu wakageuka. "Mbona wa kwako uko chini? Wewe ulilijua jina."

Nikauinua.